Taa Iliyozimwa na Jua

Habari ilinikuta sokoni Mbulu, nimeinama nachagua viazi. Simu iliita mfukoni nikaiacha iite, maana mikono yangu ilikuwa na udongo. Ikaita tena. Nikajifuta kwenye suruali, nikapokea kwa hasira, na aliyepiga, muuza vifaa vya umeme wa Katesh ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno mengi, akaniambia: "Yule injinia wako wa kompyuta ametutoka. Tumemfikisha hospitali ya Haydom bado anapumua, lakini mchana hakuuona." Nikamuuliza injinia yupi, ingawa nilijua vizuri, kwa sababu Katesh nzima haina injinia mwingine ambaye watu humwita wangu. Mama muuzaji alipoona nimerudisha viazi kwenye fungu akaniuliza, "Vipi baba, havijakupendeza?" Nikaondoka na kikapu kitupu. Wasomaji wangu wa siku zote mmezoea kunisoma nikigombana na barabara, na spika za harusi, na vijana wasioamkia wakubwa zao. Leo sina ugomvi na mtu. Nina huzuni, na nawaombeni mkae nami kidogo hadi niiseme yote.

Marehemu alikuwa mtoto wa Gitting, kwenye miteremko ya mlima, wa nyumba ya wakulima wa ngano na maharage. Alisoma, akaondoka, akafanya kazi mijini kwa miaka mingi, na baba yake alipofariki akarudi ili mama asibaki peke yake. Lakini kazi yake ilihitaji mtandao wa uhakika, na wakati ule Gitting mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ukitaka kuongea unapanda kichuguu. Kwa hiyo akapanga Katesh, kwenye vyumba vya nyuma vya mama mmoja mjane, Mwislamu, muuza vitenge, na kila mwisho wa juma akapanda kwenda kumwona mama yake. Sikuwa ndugu yake, wala sithubutu kusema nilikuwa rafiki yake wa karibu. Nilikuwa mtu wa kunywa naye chai kila nilipopita Katesh, na nilipita mara nyingi kuliko kazi zangu zilivyonilazimu, kwa sababu yeye alikuwepo.

Kazi yake watu wengi hawakuielewa. Ndani ya kompyuta, aliniambia, kuna sehemu ambayo hakuna anayeiona, inaitwa kiini cha mfumo, na shughuli yake kubwa ni kugawa zamu: programu hii ifanye kazi sasa, ile isubiri, hii imetosha, ikae chini. Yeye, pamoja na wenzake wa nchi ambazo hajawahi kukanyaga, walikuwa wakitunza kipande kidogo cha kiini hicho, kile kinachogundua kwamba kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kimekwama. Wenye kazi yao wanakiita mbwa mlinzi, na yeye kwa kufupisha akakiita Mbwa. Hilo lilimletea balaa. Siku moja mama mwenye nyumba alimsikia akiongea na wenzake kwa simu kuhusu kumlisha mbwa, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Injinia, mimi na wewe tulielewana. Humu ndani hatufugi mbwa, mimi ni mtu wa swala." Akamjibu, "Mama, wangu hana manyoya, hana mate, na hata mfupa hali. Anakaa ndani ya kompyuta." Mama yule alikagua vyumba vyote viwili, akainama hadi chini ya kitanda, ndipo akaridhika. Tangu hapo, kila akimpelekea ubwabwa siku ya Idi alikuwa anasema, "Na mbwa wako asiyekula, mpe salamu."

Nilimuuliza siku moja, tukiwa mgahawani, kwa nini kompyuta isijitangazie yenyewe kwamba imekwama. Alicheka hadi chai ikamwagika. "Mzee, aliyekwama hawezi kutangaza amekwama. Angeweza, asingekuwa amekwama." Kisha akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza kila kitu. Kuna kukwama kwa aina mbili. Ya kwanza ni kama yule bwana kwenye mkutano wa kijiji anayepewa nafasi ya kuuliza swali, akakamata kipaza sauti asikiachie. Yuko macho, anasikia, lakini wengine hawapati zamu, na mkutano umekufa huku watu wote wamekaa. Ya pili ni mbaya zaidi, kichakataji kinaitwa hakiitiki kabisa. Dawa ya zote mbili, alisema, ni moja. Usisubiri kilio. Weka utaratibu kwamba kila baada ya muda mfupi kila mmoja atoe ishara kwamba yuko, na ishara ikikosekana, hapo hapo mwingine apige kelele. Kwenye mashine nyingine kuna kengele maalumu ya kufanya hivyo. Kwenye zile zisizo na kengele, ambazo ndizo alizokuwa akizishughulikia zaidi, kila kichakataji, maana mashine moja huwa navyo kadhaa, hupewa jirani yake wa kumwangalia. Wa kwanza anamwangalia wa pili, wa pili anamwangalia wa tatu, na wa mwisho anarudi kumwangalia wa kwanza.

"Hii mimi sikujifunza chuoni," akasema. "Hii ni Gitting." Akanisimulia jinsi mama yake anavyoamka na kuwasha moto, na jirani wa ng'ambo ya bonde halazimiki kuvuka ili ajue kama ameamka salama. Anatazama moshi. Ng'ombe wakishatolewa na moshi haujaonekana, mtu anatumwa aende akaangalie kulikoni. Na mama yake naye anautazama moshi wa jirani mwingine, na huyo wa mwingine, hadi bonde lote limezungukwa. Hakuna mwenyekiti aliyeitangaza sheria hiyo, wala hakuna anayeiita sheria. Alisema wenzake wa ng'ambo walipoanza kujadili jirani amwangalie jirani, yeye alikuwa anatabasamu peke yake mbele ya kompyuta, akimwona mama yake amesimama uani, mkono umekinga macho.

Lakini somo alilolirudia kuliko yote lilitoka Balangdalalu, na alilisimulia kwa kujicheka mwenyewe. Kulikuwa na kisima cha pampu ya sola huko, na wanakijiji walimwomba awawekee kompyuta ndogo ya kuiendesha. Akaiweka, na juu ya kisanduku akaweka kitaa cha kijani cha kuonyesha kwamba mambo ni mazima. Zikapita siku, tangi likakauka, akina mama wakarudia kuswaga punda kwenda kutafuta maji mbali, na kitaa kikaendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, bila wasiwasi wowote. Alipofika, mama mmoja alimpokea na ndoo tupu. "Mwanangu, kitaa chako kinasema maji yapo. Sasa tunywe taa?" Alifungua kisanduku akakuta kichakataji kimekwama siku nyingi, na Mbwa amelala fofofo kwa sababu alikuwa analishwa vizuri, yaani ishara ya uzima inamfikia kwa wakati. Ishara ya uzima ilitakiwa itolewe na ile kazi yenyewe, ile ya kusukuma maji, kila inapopata zamu yake. Yeye, kwa haraka, alikuwa ameiacha itolewe na saa ya mashine. "Nilimpa saa kazi ya kumlisha mbwa," aliniambia. "Na saa haijui kama kazi inafanyika. Saa inajua kupiga tu." Alirekebisha, akawaomba radhi, na kuanzia hapo kila aliyetaka kujifunza kazi hiyo kwake alianza kusimuliwa Balangdalalu. Mimi nilisimuliwa mara nyingi hadi nikawa namtangulia, na yeye hakujali, alimalizia tu na "Tunywe taa!" tukacheka wote wawili.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Nje ya mlango wake palikuwa na taa ya ukutani. Ilikuwa na swichi ndani, akiiwasha jioni na kuizima asubuhi akiamka. Mama mwenye nyumba, akitoka kwenda dukani, alikuwa anatupa jicho upande ule. Taa imezimwa, mpangaji wangu kaamka, Alhamdulillahi, anaendelea na safari yake. Hakuwahi kumwambia, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua kama ana mazoea hayo. Tatizo lilikuja kwa sababu marehemu, akienda Gitting, alikuwa anasahau kuizima na taa inashinda ikiwaka mchana kutwa. Mama akalalamika kidogo kuhusu umeme. Naye, kwa kutaka kumwondolea kero, akaenda dukani kwa yule muuza vifaa vya umeme akachukua taa ya kisasa, ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia na kujizima yenyewe jua likichomoza. Mama alifurahi sana. Alinionyesha mimi mwenyewe nilipopita: "Ona, injinia ameniwekea taa yenye akili." Wote tuliisifia, na marehemu alisimama pale akitabasamu, bisibisi mkononi.

Yaliyofuata niliyasikia Gitting, msibani, chini ya turubai. Nilikuwa nimemwamkia mama wa marehemu, bibi mwembamba mwenye mgolole begani, na kuitikiwa "Marahaba" kwa sauti ndogo, ndipo nikaketi kwenye benchi la wanaume, karibu na mkeka wake. Ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani. Mama mwenye nyumba alifika kutoka Katesh na wanawake wenzake, akawaacha wenzake wakitafuta pa kukaa, akaja moja kwa moja mkekani akapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nina neno. Nikirudi nalo Katesh litaniua. Asubuhi ile uliponipigia simu, ukaniambia mwanao hapokei, nilikujibu nini?"

"Ulisema ameamka."

"Nilisema ameamka. Nilichungulia dirishani kwangu, nikaona taa yake imezimwa, nikakwambia usiwe na wasiwasi mama, mwanao ameamka, yuko kwenye kazi zake. Na kesho yake ulipopiga tena, nilichungulia tena. Nikaona imezimwa. Nikakwambia labda simu yake imeharibika." Hapo akaushika mkono wa bibi. "Alikuwa chini, mama. Siku zote hizo alikuwa chini, sakafuni."

Bibi alikunja uso, si kwa hasira, ni kwa kujaribu kuelewa. Kisha akauliza swali ambalo, jamani, tangu siku ile silali vizuri kwa ajili yake. "Sasa hiyo taa, nani alikuwa anaizima?"

"Jua, mama," akasema mwenye nyumba. "Ilikuwa inazimwa na jua."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimimina chai aliisimamisha birika hewani. Bibi akauvuta mkono wake, ule aliokuwa ameushika mwenye nyumba, akauficha ndani ya mgolole. "Ungegonga," akasema. "Ungegonga tu."

"Ningegonga, mama. Ningegonga."

Wakalia wote wawili, kila mmoja peke yake, hawakushikana. Mimi niliangalia viatu vyangu. Yule muuza vifaa vya umeme, ambaye ndiye aliyemkuta, alikuwa pembeni yangu akijikuna shingo bila sababu. Alikuwa amempelekea marehemu waya aliouagiza, akagonga kwa kuwa kazi yake ilimtaka agonge, akaona miguu kupitia dirishani. Kiharusi, tuliambiwa baadaye. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba ugonjwa wa namna ile haupendi kusubiri, na marehemu alikuwa amesubirishwa mno. Alipokutwa alikuwa na pumzi bado, macho yanacheza, lakini sauti hakuwa nayo na mkono haukufika kwenye simu, ambayo ilikuwa juu ya meza ikiita na kuita. Alikuwa kwenye ile hali aliyonieleza akicheka mgahawani. Aliyekwama hawezi kutangaza amekwama.

Nimejiuliza mara nyingi iwapo pale chini, akiiona nuru ya asubuhi ikiingia, alikumbuka taa yake ya nje. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha ishara ya uzima haitolewi na saa, alikuwa ameikabidhi ishara yake mwenyewe kwa jua, na jua halijui kama mtu ameamka. Linachomoza tu. Sisemi hivi kumsuta. Nani angefikiri kwamba taa ni ishara? Yeye alikuwa anapunguza umeme. Mama yule alikuwa anaangalia kwa mazoea ya miaka, na macho yaliyozoea hayaulizi. Aliambiwa taa inajizima yenyewe, akaifurahia, akaionyesha wageni, na bado kila asubuhi jicho lake likaendelea kuisoma kama zamani. Hapo ndipo palipotuua. Tulibadilisha kilichoizima taa, hatukubadilisha tulivyokuwa tunaiangalia.

Na usiniambie, msomaji, kwamba hayo ni ya Katesh tu. Fungua simu yako hapo ulipo. Shemeji yako wa Dongobesh anakutumia mstari wa Biblia kila asubuhi, ule ule anaowatumia watu wote, na wewe unasema moyoni, mzima huyo. Kuna alama inayosema fulani alikuwa hewani muda si mrefu, nayo inakutosha. Kundi la ukoo lina maua na mishumaa na pole na hongera, na mle ndani kuna mtu hajaongea na binadamu tangu juzi. Hata Gitting moshi unapungua asubuhi, maana wengi sasa wana jiko la gesi, na mimi siwezi kuwakataza kina mama waliopofuka macho kwa kuni wasipumzike. Wapumzike. Ninachouliza ni hiki: tulipouondoa moshi, tuliweka nini mahali pake? Nimeuliza hivyo kwenye vikao viwili vitatu, watu wakaniangalia kama mzee anayeanza kuchanganyikiwa, na huenda ni kweli.

Siku ya maziko, wageni wa Katesh walipokuwa wanapanda gari kurudi, bibi alitoka uani akishikilia fimbo, akatembea hadi kwenye mlango wa gari. Nilidhani anakuja kusema neno kali, na nadhani mwenye nyumba naye alidhani hivyo, kwa sababu aliinamisha kichwa kulipokea. Bibi akamwambia, "Kesho asubuhi nipigie. Usinitumie ujumbe, sisomi. Nipigie, nikusikie." Kisha akageuka akarudi ndani, hakuaga wala hakungoja jibu.

Nilipita Katesh majuzi. Chai sikuinywa, mgahawa ule sijaweza kuuingia bado. Nilikwenda dukani kwa mama yule kumsalimu. Nyumbani kwake, nilikopitia kwanza, ile taa yenye akili ameitoa, ukutani pamebaki waya mbili zimefungwa utepe mweusi. Nilimkuta na mteja mwenye haraka, mwanamke anayewahi basi, vitenge viwili viko juu ya meza vinasubiri kukunjwa. Mama alikuwa na simu sikioni na mkono mmoja ameuinua kumzuia mteja. "Shikamoo mama," alisema. Akangoja. Mteja akaguna, akaangalia barabarani, akasema basi litamwacha. Mama hakushusha mkono. "Mama? Shikamoo mama." Uso wake ulikuwa umekakamaa, na mimi nilijikuta nimeshika ukingo wa meza, pumzi nimeibana. Ndipo kutoka Gitting, kwa mbali, ikaja sauti nyembamba ya bibi, nami nikaisikia mwenyewe kutoka pale nilipokuwa nimesimama: "Marahaba, mwanangu. Nimeamka." Mama akafumba macho, akayafumbua, akaanza kukunja vitenge.

Nimeandika haya yote ili nikwambie neno moja, na injinia wangu angelisema vizuri kuliko mimi. Kesho asubuhi ukipita mlangoni kwa jirani na kuona taa imezimwa, usiseme ameamka. Hujui nani ameizima. Bisha hodi, na usiondoke hapo mpaka mtu mwenyewe aitike.